Jembe Lile Lile: Kujitolea na Uzima Wetu katika Milima ya Usambara



Kila aliyekulia katika milima yetu ameiona safari hii. Mtu ameugua katika nyumba iliyo mbali na barabara, gari haliwezi kufika, na usiku kucha mvua imenyesha. Alfajiri miti miwili inakatwa, blanketi linafungwa, mgonjwa analazwa. Wanaume wanne wanainua machela. Wengine wanne au sita wanafuata nyuma wakingoja zamu ya kupokea. Njia ina utelezi, na korongo liko upande mmoja. Hakuna aliyeitwa kwa barua, wala hakuna atakayelipwa. Wakishamfikisha mgonjwa zahanati hukaa nje, wakapangusa matope miguuni, na punde si punde utawasikia wakitaniana kama watu waliotoka arusini.

Swali la juma hili ni hili: katika safari ile, ni mgonjwa peke yake aliyetibiwa?

Siku hizi wataalamu wa afya wanatuambia kwamba kujitolea kunamfaa hata yule anayejitolea: mwili wake, moyo wake, hata urefu wa maisha yake. Nitayaeleza hayo hapa chini. Lakini nawaomba tuanze na historia yetu wenyewe, kwa sababu Usambara imelijaribu jambo hili zaidi ya mara moja. Ni jembe lile lile, mteremko ule ule, na mgongo ule ule wa mkulima. Mara moja kazi imeleta uzima, mara nyingine imeleta uchungu. Tofauti ilikuwa nini?

Tuanze na Mbegha. Habari zake tunazipata katika masimulizi ya wazee na katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi na kuanza kuchapwa mwishoni mwa karne ya 19. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Ungulu. Inasimuliwa kwamba alizaliwa kigego, yaani meno ya juu yalitangulia kuota, na watu wa zamani waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo huleta mkosi. Ndugu zake walimnyima urithi na kumkataa. Akahamia Kilindi, na huko nako akalazimika kukimbia baada ya kijana wa mkuu wa mji kufa katika mawindo. Akazunguka porini na mbwa wake, mtu asiye na kwao.

Alipopanda milimani aliwakuta Wasambaa wakisumbuliwa na nguruwe waliokuwa wakila mashamba yao. Mbegha akawaua nguruwe wale na kuwagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Sifa zake zikaenea kutoka kijiji hadi kijiji, na mwisho wake akafanywa mtawala, na kizazi chake kikatawala kutoka Vuga. Wanahistoria huiweka habari hii katika karne ya 18. Tunaweza kubishana juu ya kipi ndani yake ni historia na kipi ni hadithi. Hata hivyo, maana waliyoihifadhi wazee haina utata: mtu aliyekataliwa na ndugu zake alipata tena ndugu kwa njia ya kuwatumikia watu wasiokuwa wake. Kabla hajawa mtawala, utumishi ulikuwa umekwisha kumponya upweke.

Wasambaa wana neno linalolingana na fikra hiyo. Husema kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, kuitengeneza iwe njema. Na kinyume chake ni kubana shi, kuidhuru nchi. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara katika miaka ya 1960, aliyachunguza sana maneno hayo mawili. Nchi iliyopona ni ile ambayo mvua inanyesha kwa wakati, chakula kinatosha na watu wanakaa kwa amani. Nchi iliyodhurika ina ukame, njaa na ugomvi wa wakubwa. Tuangalie hapo: wazee hawakutenga afya ya mtu na afya ya shamba, wala afya ya shamba na amani ya jirani. Vyote vilikuwa uzima mmoja.

Lakini historia ni mwalimu mkali. Zawadi ya Mbegha haikubaki zawadi. Watawala waliofuata walipelekewa mifugo na mazao, na watu wakaitwa kuwalimia. Kwa upande wake mtawala alitarajiwa kuleta mvua na kuwasaidia watu wakati wa njaa. Alipotimiza hayo, watu walisema anaiponya nchi. Aliposhindwa, mzigo ulibaki mzigo mtupu. Zawadi ikawa ada, na ada ikawa kodi. Mwenendo huo tutauona tena na tena.

Wajerumani walipofika waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Walowezi wakachukua ardhi, nao wakahitaji watu wa kuilima. Ndipo, kuanzia mwaka 1907, ukaanzishwa katika Usambara Magharibi utaratibu wa kadi za kazi: kila mwanamume mzima alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa, na asiyetimiza aliweza kulazimishwa kufanya kazi za serikali. Mtu aliyekuwa akiamka alfajiri kwa hiari kumlimia jirani aliyefiwa, sasa alihesabiwa siku zake kwenye kadi. Mkono ulikuwa ule ule, lakini moyo haukuwamo.

Katika miaka hiyo hiyo palikuwapo upande mwingine wa milima yetu, juu ya Korogwe, mahali paitwapo Lutindi. Mwaka 1896 Waprotestanti wa Kijerumani walijenga hapo makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao yale yakageuzwa kuwa nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili, mojawapo ya nyumba za kwanza za namna hiyo katika Afrika Mashariki, na hospitali ya Lutindi ipo hadi leo. Kazi ya shamba na kazi za mikono zimekuwa sehemu ya tiba yake. Ni jambo la kutafakari kwamba mlima uliowapokea watoto walioporwa nguvu zao na wafanyabiashara ya utumwa ulikuja kuwa mahali ambapo kazi hutumiwa kumrudishia mtu heshima yake. Mgonjwa anayechuma chai pamoja na wenzake hajawa mzigo. Naye ana kitu cha kutoa. Hapo napo kanuni ni ile ile: kazi hutibu pale tu inapomheshimu anayeifanya. Isipomheshimu, huwa mateso.

Somo kubwa kuliko yote lilikuja wakati wa Waingereza. Mwaka 1946, katika bonde la Mlalo, serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa Usambara kote. Nia yake haikuwa mbaya. Udongo ulikuwa kweli ukichukuliwa na maji, kwa kuwa watu waliongezeka na mashamba yalipanda hadi kwenye miteremko mikali. Wataalamu waliagiza kila familia ichimbe matuta ya kukinga mteremko, na asiyetii alitozwa faini au kufungwa. Kwa kuwa wanawake ndio waliokuwa wakilima mashamba mengi ya chakula, wao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, wakati bado wana maji ya kuteka, kuni za kutafuta na watoto wa kulea.

Watu wakalalamika kwamba matuta yanaharibu mazao. Wapangaji wa mashamba wakauliza kwa nini waipambe ardhi ambayo kesho mwenyewe ataichukua. Malalamiko yakageuka upinzani, upinzani ukapata nguvu zaidi TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ule ukaachwa. Feierman anaonesha kwamba wengi waliuhukumu kwa maneno ya zamani: wataalamu walisema wanaiponya nchi, wananchi wakaona nchi inadhuriwa.

Basi tukumbuke kwamba matuta ni kitu chema. Miaka mingi baadaye, kuanzia 1981, mradi uliojulikana kwa kifupi kama SECAP, wa ushirikiano kati ya Tanzania na Ujerumani, ulihimiza tena kuzuia mmomonyoko katika mashamba haya haya, safari hii kwa mistari ya majani ya malisho na miti. Majani yale yalishika udongo na pia yakalisha ng'ombe wa maziwa zizini. Mkulima aliona faida yake, akashawishiwa, hakufungwa. Mteremko haukuwa umebadilika tangu 1946.

Kati ya nyakati hizo mbili ulikuja uhuru wa mwaka 1961, pamoja na mwito wa Uhuru na Kazi. Wazee wengi wanakumbuka jinsi watu walivyojitokeza kwa majembe na nyimbo kujenga shule, zahanati na barabara. Neno msaragambo, ambalo majirani zetu Wapare wamelitumia tangu zamani kwa kazi ya pamoja ya kijiji, lilisikika kotekote katika kaskazini-mashariki mwa nchi. Wale waliochimba barabara mwaka mmoja baada ya uhuru walikuwa, pengine, wale wale waliokataa kuchimba matuta miaka mitano kabla. Hawakuwa wavivu wakati ule, wala hawakupata nguvu mpya za mwili mara moja. Walipata kitu kimoja tu: kazi ilikuwa imekuwa yao.

Hata hivyo, mwenendo wa zamani ulirudi. Mwaka 1968, katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mtu haendelezwi na mwingine, bali hujiendeleza mwenyewe, na kwamba watu wasilazimishwe kuingia katika vijiji vya ujamaa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1973, serikali yake iliamuru watu wote wahamie vijijini, na sehemu nyingi za nchi nguvu ilitumika. Hadi leo tunalo neno la ajabu katika vijiji vyetu: kazi ya kujitolea ambayo asiyefika hutozwa faini. Zawadi ikawa ada, ada ikawa kodi.

Sasa tuwasikilize wataalamu wa afya, tuone kama wanakubaliana na milima yetu.

Mwaka 2020 ulitolewa utafiti uliowafuatilia Wamarekani karibu 13,000 wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Waliojitolea angalau saa 100 kwa mwaka walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 44 katika miaka minne, wakilinganishwa na wasiojitolea kabisa. Walifanya mazoezi zaidi ya mwili, viungo vyao viliendelea kuwatumikia vizuri zaidi, walijiona wapweke kidogo, na waliona maisha yao yana maana. Watafiti walisema ukweli pia kwamba hawakuona tofauti katika kisukari, shinikizo la damu, saratani na maradhi mengine ya muda mrefu. Kujitolea si dawa ya kila kitu, na anayetumia vidonge vya shinikizo asiviache ati kwa kuwa amejiunga na chama cha kusaidia wajane.

Faida hiyo haiwahusu wazee tu. Mwaka 2013 huko Vancouver, Kanada, ulitolewa utafiti uliofanyika kwa wanafunzi 106 wa sekondari. Waligawanywa kwa kura: kundi moja likawasaidia watoto wa shule ya msingi kila juma kwa miezi miwili hivi, kundi jingine likasubiri zamu yake. Waliojitolea walikutwa na lehemu pungufu katika damu, uzito uliopungua, na dalili chache za uvimbe ule wa ndani ambao polepole huharibu mishipa ya moyo. Tena waliofaidika zaidi ni wale ambao huruma yao iliongezeka zaidi.

Utafiti ambao ungewafurahisha wazee wa Vuga ni ule uliotolewa mwaka 2012, uliowahusu watu wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani waliomaliza sekondari mwaka 1957. Watafiti hawakuuliza tu kama mtu anajitolea. Waliuliza anajitolea kwa nini. Baada ya miaka minne, katika wale wasiojitolea walikuwa wamekufa asilimia 4.3. Katika wale waliojitolea hasa kwa ajili ya wengine, walikufa asilimia 1.6 tu. Na wale waliojitolea hasa kwa ajili ya faida yao wenyewe? Asilimia 4, karibu sawa na wale waliokaa nyumbani.

Wapendwa, tulisome jambo hili polepole. Anayekwenda kubeba machela ili apate afya, huenda asiipate. Anayekwenda kwa sababu jirani yake anaumwa, huipata bila kuitafuta. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Nasi sasa tunaweza kuongeza kwamba pasipo moyo huo hata mtoaji hatajiriki.

Bila shaka mwenye akili atauliza: je, si watu wenye afya ndio wanaoweza kujitolea? Mgonjwa atabebaje machela? Swali hilo ni la haki, na watafiti wenyewe wanalikubali. Wamejitahidi kulinganisha watu wa hali moja ya afya, umri na kipato, lakini hakuna awezaye kusema kwamba shaka yote imeondoka. Tunachoweza kusema kwa uhakika zaidi ni kwamba njia za faida hiyo zinaeleweka. Mwili hutembea na kufanya kazi. Upweke, ambao ni adui mkubwa wa moyo, hupungua. Na mtu anayejua kwamba kesho anangojwa mahali fulani ana sababu ya kuamka.

Turudi kwenye hesabu ya saa 100 kwa mwaka. Ukichukua siku moja ya msaragambo kwa mwezi, kuanzia asubuhi hadi jioni, unapata saa nane hivi. Zidisha kwa miezi kumi na miwili: saa 96. Sisemi kwamba wazee wetu walifanya utafiti, wala kwamba takwimu za Marekani zinahamia Lushoto bila kubadilika. Lakini kipimo ambacho utafiti ule umekitumia kinakaribiana na siku moja tu ya kazi ya kijiji kila mwezi. Si mzigo wa kumvunja mtu.

Naam, kuvunjika kupo, na hapa ndipo penye hatari. Katika vijiji vingi wanaoitwa kujitolea ni wale wale: mama anayehudumia wagonjwa, anayepika msibani, anayefagia kanisa na anayelea wajukuu walioachwa na wazazi waliokwenda Tanga au Dar es Salaam. Yeye amekwisha kupita saa 100 kabla ya Pasaka. Kumwambia mama huyo kwamba kujitolea ni afya ni kumrudishia lile jembe la mwaka 1946 kwa jina zuri zaidi. Yeye anachohitaji ni wa kumpokea machela. Utamaduni wa machela una hekima hiyo: wanne wanabeba, sita wanafuata nyuma. Bila wale wa nyuma, wanne hawafiki.

Tena upo upande wa pili. Wapo ambao siku hizi hawainuki mpaka wasikie habari ya posho. Siwalaumu haraka, kwa maana maisha ni magumu, na mtu anayetakiwa kufanya kazi ya kila siku ya ofisi au ya hospitali anastahili mshahara, si sifa. Lakini kuchimba kaburi la jirani kukiwa na bei, na kubeba mgonjwa kukiwa na bei, tutakuwa tumeandika upya ile kadi ya kazi kwa mkono wetu wenyewe, na hapatakuwa na mgeni wa kumlaumu.

Nini basi cha kufanya juma hili? Naomba mambo matatu madogo. Kwanza, wazee waliostaafu wasiachwe wakae barazani peke yao kwa kisingizio cha kuwapumzisha. Waombwe kitu: wafundishe watoto kusoma, wasimulie historia ya kijiji, wakae na mgonjwa saa mbili ili mama mwenye nyumba aende shambani. Pili, kila jumuiya itazame ni nani anayebeba daima, na imtafutie wa kupokea. Tatu, viongozi wa vijiji na wa kanisa wapunguze kutishia faini na waongeze kueleza sababu. Watu wa milima hii wamekwisha kuonesha mara nyingi kwamba wakiielewa kazi na kuiona kuwa yao, hawahitaji kusukumwa.

Nabii Isaya, katika sura ya 58, anawaambia watu wanaofunga kwa mashindano kwamba wakimlisha mwenye njaa na kumpokea asiye na makao, nuru yao itatokea na afya yao itarudi upesi. Haahidi hivyo kwa wanaotafuta afya. Anaahidi kwa wanaotafuta mwenye njaa.

Wale vijana bado wamekaa nje ya zahanati wakipangusa matope. Mgonjwa yumo ndani. Baada ya muda mhudumu atatoka na kusema kwamba anaendelea vizuri, nao watainuka, waibebe machela tupu, na kupanda mlima kurudi nyumbani. Mlima ni ule ule waliouteremka, sasa wanaupanda, na miguu yao ni myepesi.

Nawatakia juma jema.